Samaki wa Chumba cha Joto

Mkunga wetu alivaa buti za mpira za kiume chini ya gauni jeupe. Kama hujawahi kuona gauni lililopigwa pasi likasimama kama ubao, halafu chini yake buti zenye matope ya jana, bado una mambo ya kuona duniani. Alisema viatu vya wauguzi vimetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuzalisha hata paka.

Nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka saba, kwenye hospitali ya misheni juu ya kilima, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Iringa mjini. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya hapo hapo. Mimi nilikuwa mke wa mwalimu, cheo ambacho hakina kazi maalumu lakini kinakuruhusu kusimama popote na kusikiliza. Nimejaribu mara nyingi kumsimulia mama huyu, kicheko kikanishinda njiani. Leo nimeamua kuandika, kwa kuwa kalamu haicheki.

Kwanza ijulikane kwamba neno lake kubwa lilikuwa "subiri". Wodini alikuwa na subira kuliko jiwe. Mama mwenye uchungu wa siku mbili alimpangusa jasho, akamwimbia, akamsugua mgongo, akamwambia, "Subiri, mwanangu, mtoto hapigi mbio, anatoka mbali." Lakini mvue gauni lile jeupe, umpeleke nyumbani kwake, utakutana na mtu mwingine kabisa. Chai aliinywa ikiwa bado inachemka, akalia machozi, akaimalizia. Mahindi aliyachoma upande mmoja akala. Kanisani aliimba mstari mmoja mbele ya washarika wote, nasi tukimfuata nyuma kama watoto wa bata. Mchungaji alipomsihi apunguze mwendo, alijibu, "Nikiwangoja hawa, Bwana atarudi tukiwa ubeti wa pili."

Alikuwa mtu wa Mbeya, wa kule Rungwe kwenye migomba, na hakuwahi kuwasamehe watu wa Iringa kwa kula ugali kila siku. Kiswahili chake kilikuwa kizuri mpaka jambo liive. Likiiva, alihamia Kinyakyusa, na wanawake wa Kihehe waliokuwa wakijifungua wakaapa baadaye kwamba walielewa kila neno. Damu haikumtisha, wala radi, wala bwana mkubwa yeyote. Mbuzi, hata hivyo, ndiye aliyemweza. Nilimwona siku moja amesimama juu ya kiti ndani ya uwanja wake na buti zake zote mbili, akiniita, "Mke wa mwalimu, njoo uniondolee shetani huyu," na shetani mwenyewe alikuwa mwanambuzi asiyefika goti.

Sasa nije kwenye masikio.

Mtoto wetu akizaliwa, rangi yake inakuwa haijafika bado. Anatoka mwekundu au mweupe, kisha siku zinavyokwenda anakolea mpaka anakuwa wa kwao. Wazee wanalijua hili tangu zamani. Lakini vijana waliooa juzi hawalijui, na mama wakwe wengine wanajifanya wamelisahau pale wanapomchoka mkamwana. Ndiyo maana kila mwezi alitokea mume wodini, amesimama kando ya kitanda, uso umemwiva, anauliza mtoto huyu mweupe ni wa nani.

Mkunga hakugombana nao. Alimchukua mtoto, akakunja kisikio chake taratibu, akamwonyesha mume ukingo wa juu, mahali ambapo ngozi huwa imetangulia kuwa nyeusi. "Tazama hapa. Rangi yake imekaa hapa, inasubiri wenzake. Nenda ukalime, urudi mahindi yakichanua." Alirudi mtu, akakuta mtoto mweusi kama yeye, akaondoka kimya akitazama vidole vya miguu. Mume wangu, mwalimu mzima mwenye cheti ukutani, naye alipelekwa sikioni kwa mtoto wetu wa kwanza. Mpaka leo nikitaka kushinda ugomvi nyumbani, ninagusa sikio langu tu.

Mwisho wa wodi kulikuwa na chumba cha joto, cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Baridi ya kilima kile si ya mchezo. Mwezi wa saba maji ya ndoo yanauma vidole. Ukutani lilijengwa jiko la matofali ambalo mdomo wake ulikuwa nje, ili moshi usiwafikie watoto, na hapo nje ndipo alipokaa Mzee wa Jiko, akililisha kuni za miwati. Alikuwa Msangu wa Rujewa, mpole, maneno yake kwa siku ungeweza kuyafunga kwenye kona ya kanga. Alipima joto kwa kuweka shavu ukutani. Kipimajoto cha Daktari kilikuwa kikikubaliana naye.

Daktari alikuwa mzungu mrefu, mwenye haya. Siku moja alirudi kutoka Dar es Salaam amepakata debe la maji lililofunikwa blanketi, akashuka nalo kwenye lori kama anayeshusha mgonjwa. Rafiki yake mpenda samaki wa mapambo alikuwa amempa samaki wawili, wadogo kama kidole gumba, ambao asili yao ni mto mkubwa wa Amerika. Walikuwa weusi, wenye mistari myeupe iliyopindapinda, kama aliyewachora alikuwa anacheka. Samaki wale wanataka joto. Joto kilimani petu lilikuwa mahali pamoja tu, kwa hiyo sanduku lao la kioo likawekwa chumba cha joto, chini ya dirisha.

"Hapa ni pa watoto wa watu, si pa kitoweo," Mkunga alisema siku ya kwanza.

Baada ya wiki mbili alikuwa akiwaita watoto wangu. Aliwachimbulia nyungunyungu bustanini, akagonga kioo mara tatu kwa kifundo cha kidole kwenye kona ya kushoto, nao wakaja wakipigana vikumbo. Kila maji yao yalipobadilishwa, yule mkubwa alilala ubavu chini kabisa, amekufa. Mara ya kwanza alipofanya hivyo Mkunga alipiga kelele mpaka Daktari akaja mbio na povu la kunyolea ndevu shavuni. Alipoinama tu, samaki akainuka akaenda zake.

"Amenuna," Daktari akasema.

"Kumbe ni Mnyakyusa!" Mkunga akasema, na tangu siku hiyo mapenzi yakawa hayana mpaka.

Daktari alipoenda likizo kwao, ya miezi mingi, alimwachia Mkunga karatasi ya maelekezo: chakula, maji, joto. Aliikariri yote kama Baba Yetu. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa sanduku lile. Kisha ikaja barua kwamba dada yake kule Mbeya yu mahututi. Alimfundisha Mzee wa Jiko kwa siku mbili nzima, akampa ile karatasi ingawa Mzee hajui kusoma, akapanda basi kwenda kukaa wiki moja.

Ilikuwa masika. Kwenda alifika, na dada akapona, labda kwa kuogopa kugombezwa. Kurudi ndiko kulikokuwa kazi. Barabara ya Igawa iligeuka uji, madaraja yakaenda, na mabasi yakakaa. Wiki moja ikawa miezi miwili.

Siku aliyorudi nilikuwa naanika nguo. Nilimwona akishuka kwenye lori na mkungu wa ndizi kichwani, hakupita nyumbani, akaenda moja kwa moja chumba cha joto. Kisha nikasikia akimwita Mungu kwa Kinyakyusa, "Ee Kyala! Hawa ni akina nani?"

Nilikimbia na kibano cha nguo mdomoni. Ndani ya sanduku kulikuwa na samaki wawili wakubwa kama kiganja changu, rangi ya tope la mfinyanzi, wenye mabaka mekundu ya moto ubavuni. Karibu na mkia kila mmoja alikuwa na doa jeusi lenye pete ya rangi ya chungwa, kama jicho la pili la kumtazama anayekufuata. Ile mistari myeupe haikuwapo. Na mimi, ambaye sikuwa nimeingia chumba kile tangu Mkunga aondoke, niliwatazama nikaona wazi kabisa kwamba si wale.

Mzee wa Jiko alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Watoto wangu wako wapi?"

"Si ndiyo hii, Mama."

"Hawa ni samaki wa Ruaha! Mimi nimezalisha tarafa nzima, leo nishindwe kuwajua watoto wangu wawili?"

"Mama, samaki ni ile ile. Mimi naona kila siku. Kila siku iko kama jana."

Maskini, alisema kweli tupu. Anayemtazama mtoto kila siku hamwoni akikua. Lakini alikuwa Msangu, nduguze wanavua kwenye mto kule Usangu, na hata yeye mwenyewe alikuwa ameenda kwao siku mbili kumzika shangazi. Kila kitu kilijipanga dhidi yake. Kesho yake asubuhi, bombani, mbele ya wanawake wote na ndoo zao, Mkunga alitangaza kwamba Mzee wa Jiko amewala samaki wa Daktari au amewaua kwa uzembe, akaokota wengine mtoni. Asiguse jiko mpaka Daktari arudi aamue.

Sote tulijua Daktari ataamua nini. Mtu aliyekula amana ya hospitali hafukuzwi peke yake, anafukuzwa na jina lake. Mzee wa Jiko alikuwa amelisha moto ule miaka kumi na miwili. Watoto wangapi wanatembea leo Uhehe kwa sababu ya shavu lake ukutani, hakuna ajuaye. Sasa watu walimwita mla samaki. Jumapili hakuja kanisani. Nilipitia kwake nikamkuta ameketi mlangoni, mikono imelala magotini, haina la kushika. Niliumia, na niliona haya, kwa sababu bombani siku ile nami nilikuwa nimetikisa kichwa pamoja na wengine.

Mwenzake wa jioni aliachiwa moto wote, naye alikuwa na mkono wa kuchoma mkate: mara chumba kiwake, mara kipoe. Mkunga aliliona hilo. Alikaza shingo. Samaki aliwasusa kabisa, akamwachia muuguzi mwingine kazi ya kuwalisha. "Siwezi kulisha wageni walioingia bila hodi," alisema.

Zilipobaki siku kumi Daktari arudi, alikuja kijana mmoja mkulima na mama yake. Mke wake alikuwa amejifungua mtoto mdogo sana, aliyelazwa chumba cha joto. Mimi nilikuwamo, nimeleta uji wa wazazi. Kijana alimtazama mtoto, akamtazama mama yake, mama yake akatazama dari.

"Mama Mkunga," kijana akasema, "mimi huyu mtoto simjui."

"Humjui vipi?"

"Rangi hii si ya kwetu. Itakuwa ni mtu mwingine tu."

Nilijua kinachofuata, nikaweka sufuria chini nifaidi. Mkunga alimwinua mtoto, akakunja kisikio. "Tazama hapa, baba. Rangi yake imekaa hapa, inasubiri wenzake. Mtoto haji na rangi yake siku moja. Leo unamwona hivi, ukienda ukikaa miezi miwili ukirudi, utasema huyu si..."

Alikuwa amesimama uso kwa uso na sanduku la kioo. Nilimwona anainama, mtoto bado kifuani, anamsogelea yule samaki mkubwa. Nyuma ya shavu la samaki, pale linapofunguka akipumua, palibaki kijistari kimoja cheupe, chembamba, kilichopinda. Mkunga akanipa mtoto. Akaenda kona ya kushoto. Akagonga kioo mara tatu kwa kifundo cha kidole.

Muuguzi alikuwa akiwalisha kulia, karibu na mlango. Na Mzee wa Jiko pia alikuwa akiwalishia hapo hapo, kwa kuogopa kukanyaga karibu na vitanda. Kona ya kushoto ilikuwa ya Mkunga peke yake. Samaki wote wawili waligeuka wakaja mbio kushoto, wakipigana vikumbo, midomo wazi.

"Mwe!" akasema. "Mwe, mwe, mwe!"

Kisha akaanza kucheka. Alicheka akashika kitanda, kitanda kikasogea, akakaa chini sakafuni, buti mbele, gauni limepanda, machozi yanamtoka. Kijana yule aliogopa akanipokonya mtoto mikononi akamkumbatia. "Basi mama, basi," akasema, "mtoto ni wangu! Ni wangu!" Hapo nami nikaenda chini. Mama yake kijana alibaki peke yake amesimama, anatutazama kama wehu.

Kicheko kilipoisha, Mkunga alijifuta uso kwa pindo la gauni. "Mke wa mwalimu," akasema polepole, "miaka yote hii nawaambia watu wasubiri. Mimi sikusubiri hata kikombe cha chai kipoe, nikamchoma mtu."

Sikuwahi kumwona akitembea haraka kama siku ile. Alikamata jogoo wake bora, yule mwekundu aliyekuwa akimlinda na mbuzi, akaenda hadi kwa Mzee wa Jiko, akamwomba kwa magoti aje bombani kesho asubuhi. "Kosa la bombani linafutwa bombani," alisema. Na kweli, kesho yake, ndoo zikiwa zimejipanga, alisimama juu ya jiwe la kufulia, akajisema yeye mwenyewe kwa sauti ile ile aliyomsema nayo Mzee, bila kupunguza hata neno. Alieleza samaki, mistari, sikio, kona ya kushoto. Watu walicheka mpaka maji yakamwagika. Mimi nilinyoosha mkono nikasema nami nilitikisa kichwa siku ile, nisamehewe. Wanne wengine wakanyoosha.

Mzee wa Jiko alisikiliza, jogoo kwapani. Tulingoja aseme amesamehe. Akamhamishia jogoo kwapa la pili.

"Mama," akasema, "nimesikia. Lakini msamaha wangu bado ni mweupe. Tusubiri ukolee."

Bomba zima lililipuka. Mkunga alishuka kwenye jiwe akicheka kwa lugha zote mbili.

Mchana ule ule Mzee alirudi kwenye moto wake. Siku zake zilipotimia Daktari naye alirudi, akaingia chumba cha joto kabla ya kuvua koti, akapiga makofi. "Wamevaa rangi za ukubwa! Wazuri sana!" Kumbe alijua. Alijua tangu mwanzo kwamba samaki wale wakikua wanavua mistari na kuvaa moto, na hakuandika. Mkunga alimfuata hadi ofisini na ile karatasi mkononi, akamwuliza kwa nini jambo kama hilo mtu haliandiki, na kwa mara ya kwanza tulimwona Daktari amesimama juu ya kiti chake mwenyewe akitafuta wino rafuni.

Basi ikawa desturi. Kila asubuhi Mkunga akipita na buti zake alisimama mbele ya moto. "Kamwene, Mzee. Umekolea?"

"Kamwene, Mama. Bado mistari miwili."

Mwaka mzima mistari miwili. Kisha ukabaki mmoja. Walicheka wote wawili, nasi tulicheka, lakini nilikuwa jirani, na ukuta wetu ulikuwa mwembamba. Mara nyingine, akinywa ile chai yake ya moto, nilimsikia akijiuliza peke yake, "Huu mmoja nao utaondoka lini?" Hakuwa anatania. Samaki walikua wakawa wakubwa kama sahani, mtu yule bado mstari mmoja.

Kisha Mkunga akastaafu akarudi kwao Mbeya, na Mzee wa Jiko akarudi Usangu. Sisi tulihamishwa miaka michache baadaye, mume wangu akapewa shule ya Mbeya. Basi letu lilisimama Igawa, nikashuka kununua chochote cha watoto. Kando ya barabara, nyuma ya mkeka wa samaki wakavu, alikuwa ameketi mzee mwembamba, kofia gotini.

"Kamwene, mke wa mwalimu," akasema. "Sasa nauza samaki ya Ruaha kweli kweli."

Tulicheka mpaka dereva akapiga honi. Nilipoinuka akanishika mkono. "Unaenda Mbeya. Ukimwona yule Mama, mwambie umekolea." Akaniachia, akageuza samaki mmoja mkekani. "Mwambie ulikolea zamani. Siku ile ile bombani. Mimi nilipenda tu awe anapita asubuhi kuniuliza."

Nilimkuta Mkunga kwenye uwanja wake, kati ya migomba, amekonda, macho yameingia ukungu. Nilikuwa nimenenepa na kuvaa miwani, sauti tu haikutosha. "Ngoja," akasema, "sisemi tena simjui mtu." Akaninyooshea mkono, akakunja sikio langu, akalipapasa ukingoni. "Eee. Mke wa mwalimu."

Nikampa salamu za Igawa, neno kwa neno, hata lile la asubuhi.

Hakucheka. Chai yake ilikuwa mbele yake, mvuke umekwisha, hajaigusa.

"Ulimtazama sikio?" akauliza.

"Hapana, Mama. Sikufikiria."

"Basi hujui kitu." Alikwisha kuinama, mikono inapapasa chini ya kiti, inatafuta buti. "Basi la Igawa linapita saa ngapi?"